Panda Asubuhi, Shuka Mchana: Kuizunguka Moshi na Arusha kwa Siku Nne

Wageni wa ndani wanaokuja Moshi hurudia kosa lile lile. Basi la Dar linawashusha jioni wakiwa hoi, wanalala hadi saa tatu asubuhi, wanakunywa chai kwa raha zao, wanatoka mjini saa nne na nusu. Wakifika Uru au Marangu saa sita wanauliza, "Sasa mlima wenyewe uko wapi?" Upo pale pale, ila umeshajifunika.

Usiku hewa ya mlimani hupoa na kuteremka, anga likabaki safi. Jua likishapanda, miteremko inapata joto, na hewa yenye unyevu wa msituni inaanza kupanda nayo. Ikifika juu inapoa na kugeuka mawingu. Kwa siku nyingi za mwaka, kufikia saa tatu au saa nne asubuhi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, imekwisha kufungwa, na hufunguka tena jioni, kuanzia saa kumi na moja, ikipenda. Kwa hiyo saa za mlima ni kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa mbili na nusu. Saa za mchana, jua likiwa kali na mlima haupo, ndizo za majengo, makumbusho na masoko ya mjini. Ukiligeuza hilo, utalipa nauli kwenda kutazama ukungu.

Lipo na jambo la pili linalowashangaza wengi: mlima hauonekani vizuri ukiwa miguuni pake. Marangu ni pazuri kweli kweli, lakini migomba, mikahawa na vilima vya mbele vinakuziba. Ukitaka kuuona wote, Kibo ya mita 5,895 upande wa kushoto na Mawenzi yenye meno yake upande wa kulia, kaa mbali kidogo na mahali pa chini: juu ya paa la gesti yoyote ya ghorofa mjini Moshi, kwenye njia ya TPC kunakolimwa miwa, au pale njia panda ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Ukipanga chumba, usiulize kama kina televisheni. Uliza kama paa linapandika na kama ufunguo wa mlango wa juu unapatikana saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi akisema ufunguo anao bosi, tafuta gesti nyingine.

Moshi mjini inatosha saa mbili za kutembea kwa miguu, na mchana wake ni wa joto, kwa hiyo beba maji. Watu huuliza mji mkongwe uko wapi, kama ule wa Zanzibar au Bagamoyo. Hapa hadithi ni tofauti, maana mji wenyewe ulihama. Moshi ya asili iko juu, kule kunakoitwa Old Moshi, ndiko alikokaa Mangi, yaani mtawala wa Wachagga, na ndiko Wajerumani walikojenga boma lao. Reli iliyotoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikuweza kupanda mlima. Iliishia tambarare, na biashara ikaifuata. Mji mpya ukaota kandokando ya stesheni ukachukua na jina. Ndiyo maana mitaa ya katikati imenyooka kama iliyopigwa rula: ni mji wa reli na wa kahawa.

Kahawa yenyewe utaikuta kwenye jengo la KNCU. Wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, wakati walowezi hawakupenda kabisa kuona Mwafrika akilima arabika. Mwaka 1933 kikageuka kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kinatajwa miongoni mwa vya kwanza kabisa barani. Fedha za kahawa ndizo zilizosomesha watu wengi wa mkoa huu, na Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa hapa mwaka 1963 leo ni chuo kikuu. Kwa hiyo ukinywa kikombe kwenye mgahawa wa mjini, agiza kahawa ya mlimani iliyokaangwa hapa hapa. Ukikaa kimya utaletewa maji moto na kopo la unga, na kosa litakuwa lako.

Kutoka kipilefti cha Mnara wa Saa, shuka taratibu hadi sokoni, pita stesheni ya reli, kisha rudi kwa mtaa mwingine. Ukibakiwa na nguvu, Msitu wa Rau uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, msitu wa tambarare unaonyweshwa na maji ya chini ya ardhi, wenye mbega na miti mikubwa ya mvule. Huo ndio mahali pekee panapofaa saa nane mchana, kwa sababu kivuli chake ni kizito. Vaa suruali ndefu. Mbu wa Rau hawana likizo.

Old Moshi ipewe asubuhi yake peke yake. Njia inaanzia Kiboriloni, kwenye soko kubwa la mitumba mashariki mwa mji, inapanda kupitia Tsuduni hadi Kidia, kama kilomita kumi na ushee. Daladala zipo lakini husubiri zijae, na saa kumi na mbili asubuhi zinashusha watu zaidi ya kupandisha. Bodaboda ni nyepesi zaidi, ila patana kabla hujakaa: "Kaka, kwenda na kurudi, na utanisubiri saa mbili, jumla shilingi ngapi?" Ukiuliza bei ya kwenda tu, bei ya kurudi utapangiwa ukiwa juu, mahali ambapo bodaboda ni yeye peke yake.

Tsuduni ndipo aliponyongwa Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa mlimani. Miaka minane kabla, mwaka 1892, askari wake walikuwa wamewashinda Wajerumani hapa hapa na kumuua afisa wao, von Bülow. Wajerumani walirudi na nguvu zaidi, na mwisho wakamshtaki kwamba alikuwa akipanga njama pamoja na Waarusha na Wameru. Kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakidai mpaka leo. Mti na mnara wa kumbukumbu vipo. Usifike ukaanza kupiga picha. Watu wanaishi pale, na jambo lenyewe ni msiba usiokwisha. Mtafute mzee au mama aliye karibu, toa shikamoo, sema umetoka wapi na umekuja kwa ajili gani. Mara nyingi utapata mtu wa kukusimulia, na simulizi yake inazidi kibao chochote. Mwachie cha soda kwa heshima, mkononi, bila kufanya maonyesho.

Kidia iko mbele kidogo, na kanisa lake la Kilutheri. Ukisimama pale ukatazama kusini, tambarare yote iko chini yako, na unaelewa mara moja kwa nini Mangi alikaa huku: kila msafara uliotoka pwani ulionekana mapema. Jumapili pana faida nyingine. Baada ya ibada hufanyika mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, mkungu wa ndizi, parachichi, jogoo. Mgeni anaruhusiwa kupanda dau. Hasara yake ni kwamba kabla ya saa sita hutapata mtu wa kukutembeza, wote wako kanisani.

Uru na maporomoko ya Materuni yako upande mwingine, kama kilomita kumi na tano kutoka mjini. Kutoka mwisho wa gari unatembea karibu saa moja katikati ya vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na hapa ndipo panapostahili kwenda polepole. Kihamba kimepangwa kwa ghorofa: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini yake mikahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Pembeni utaona mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji kutoka msituni, na hadi leo ina zamu zake. Usinawie miguu humo hata kama umejaa matope. Maji hayo yanakwenda jikoni kwa mtu.

Udongo wa Uru ndio unaoangusha watu. Ni mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Raba za mjini zenye soli bapa hazifai. Vaa viatu vyenye meno, na ukikodishiwa buti za mpira usione haya. Wengi huanguka wakati wa kushuka, kwa sababu wanaegemea nyuma. Inama mbele kidogo, kunja magoti, piga hatua fupi, shika fimbo. Chini ya maporomoko kuna upepo wa manyunyu usiokoma, kwa hiyo simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usije nayo. Maji ni ya baridi ya kuuma. Ukitaka kuoga, oga kabla ya kula.

Ukirudi kijijini watakuonyesha kahawa. Zingatia mambo ambayo wapishi wa haraka huyaruka. Tunda linachumwa likiwa jekundu tu, maana la kijani linaharibu ladha ya mtungi mzima. Linamenywa siku hiyo hiyo, punje zinalazwa zichachuke siku moja au mbili mpaka ute uachie, zinaoshwa, kisha zinaanikwa juani wiki moja hadi mbili huku zikigeuzwa. Kilo tano hadi sita za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi isiyokaangwa, na moto nao unapunguza uzito tena. Ukilijua hilo hutabisha bei ya pakiti. Kukaanga kwenyewe ni moto mdogo na kukoroga bila kuacha. Zikianza kupasuka na kunukia, epua mapema kidogo, zitaendelea kuiva kwenye chungu. Mavuno huanza kama Julai na kwenda hadi mwishoni mwa mwaka. Ukija Aprili utaonyeshwa kahawa ya msimu uliopita, na si kosa la mwenyeji.

Kuhusu mbege: imetengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na ulezi ulioota, na inatiwa uchungu kwa gome la msesewa. Ikiwa changa ni tamu kama uji. Inapokua inakata miguu, na njia ya kushuka ni ile ile yenye utelezi.

Marangu iko kama kilomita 40 kutoka Moshi kupitia Himo. Kosta zinaishia Marangu Mtoni, na lango la hifadhi liko juu zaidi, mita 1,880 hivi, safari ya bodaboda. Asiye na fedha au nia ya kupanda hadi kileleni anaweza kwenda kwa siku moja hadi kituo cha Mandara, kwenye mita 2,700 hivi: kilomita nane za msitu, saa tatu kupanda kwa mwendo wa "pole pole", saa mbili kushuka. Lazima uwe na mwongoza watalii mwenye leseni. Raia hulipa kiingilio chake tofauti na cha mgeni, ila bila kitambulisho cha taifa utabishana getini hadi mawingu yafike. Malipo hayapokelewi taslimu, unapewa namba ya malipo ulipe kwa simu au kadi. Weka salio tangu mjini, maana mtandao wa pale una tabia zake. Koti la mvua ni lazima hata Agosti, kwa sababu msitu huo unanyeshewa wakati Moshi ina vumbi.

Getini soma kibao cha waliotangulia. Mjerumani Hans Meyer na mwenzake walifika kileleni Oktoba 1889, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama aliyewaongoza. Jina la Lauwo ndilo utakalosikia wenyeji wakilitaja kwanza. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Mtoni, na mapango ambayo Wachagga waliyachimba kujificha wakati wa vita yanaingiliwa kwa kuinama. Mwenye hofu ya mahali pembamba abaki nje anywe soda. Kila kimoja kina kiingilio chake kwa kikundi kinachokitunza. Omba stakabadhi, maana asiye na stakabadhi wakati mwingine hahusiki hata kidogo na kikundi.

Kati ya Moshi na Arusha ni kama kilomita 80. Wengi huitumia siku ya kuhama kwa kushukia Boma Ng'ombe waende chemchemi za Kikuletwa, maarufu kama Chemka. Jina linadanganya: maji hayachemki, ni ya uvuguvugu tu, lakini ni maangavu hadi chini na yamezungukwa na mizizi ya mikuyu. Njia ni ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Nenda siku ya kazi, kabla ya saa nne. Jumamosi mchana ni muziki na foleni ya kuruka na kamba.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi yake inamshangaza mtu wa Dar. Beba sweta la kweli. Ukishuka stendi utafuatwa na flaikecha, vijana wanaouza safari za mbugani. Hawana ubaya wote, lakini usitoe fedha barabarani. Sema tu, "Asante dogo, mimi ni mwenyeji," na utembee kama mwenyeji, yaani usisimame.

Anza na Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900. Ukiwa umetoka Old Moshi, mwaka huo utakushtua, maana ndio alionyongwa Mangi Meli, na ndiyo sababu ya kuanza na Moshi. Baada ya wamisionari wawili kuuawa Akeri kwa Wameru mwaka 1896, Wajerumani walileta majeshi kutoka Moshi kuwaadhibu Wameru na Waarusha, kisha ngome hii ikajengwa kuwadhibiti, kwa kazi ya kulazimishwa. Leo ndani mna makumbusho ya elimu viumbe na ya chimbuko la binadamu. Kabla ya kuingia, zunguka nje utazame unene wa kuta.

Nyuma yake ni majengo matatu ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977, na baadaye yakaweka mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Usiyapige picha bila kumuuliza mlinzi.

Kwa mguu, nusu saa hivi, unafika Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni ukumbi mdogo, na wageni hutoka baada ya dakika kumi wakisema hakuna kitu. Kaa. Ni humu Halmashauri Kuu ya TANU ilikokutana Januari 1967, na Februari 5 Azimio likatangazwa. Tazama picha kwa mfululizo wake wa miaka, na mwombe mhudumu akueleze. Ukimsalimu vizuri, huwa na mengi kuliko maandishi ya ukutani.

Tengeru inafaa kwa asubuhi ya mwisho, hasa Jumatano au Jumamosi, siku za soko lake kubwa. Ziwa Duluti, lililojaa kwenye shimo la volkano, lina njia ya msituni inayolizunguka, na maji yake yametulia asubuhi. Karibu na hapo, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi kama 150 ya Wapoland, mabaki ya kambi ya wakimbizi karibu 5,000 waliofika kuanzia 1942 wakikimbia vita. Getini jiandikishe, sema unakwenda makaburini, watakuelekeza.

Mwenye nusu siku ya ziada apande kutoka Usa River hadi Ngare Nanyuki. Barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Arusha, na twiga huonekana ukiwa ndani ya daladala. Huko ndiko Wameru karibu 3,000 walikofukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1951 ili ipewe walowezi, na Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Siku ya wazi, Meru iko upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Gari la mwisho la kurudi huondoka mapema, liulizie wakati wa kwenda.

Masika, Machi hadi Mei, njia za juu ni za tope na milima hujificha kwa siku nzima. Januari na Februari anga ni safi kuliko miezi mingi. Na kuanzia katikati ya Desemba Wachagga wote walioko mikoani wanarudi kuhesabiwa nyumbani: tiketi zinapanda, gesti zinajaa, na bodaboda wa Kiboriloni anakuwa mfalme. Ukilazimika kuja wakati huo, kata tiketi ya kurudi kabla ya ile ya kuja.

Ukipanda Kosta asubuhi kutoka Moshi kwenda Arusha, kaa upande wa dereva. Kibo itakuwa dirishani kwako hadi karibu na KIA, na Meru itaanza mbele yake. Ukitoka Arusha kurudi Moshi, kaa upande wa mlango.